Fidia kwa wafanyakazi

Fidia kwa wafanyakazi ni malipo na huduma anazostahili mtu aliyeumia au kuugua kutokana na kazi aliyoajiriwa kuifanya, au wanazostahili wategemezi wake ikiwa amefariki. Kufuatana na sheria ya nchi husika, fidia hutolewa na mfuko wa umma, na kampuni ya bima au na mwajiri mwenyewe. Sifa yake kubwa ni kwamba mfanyakazi hadaiwi kuthibitisha kuwa mwajiri alifanya kosa. Inatosha kuonyesha kwamba ajali au ugonjwa umetokana na kazi.

Katika Tanzania Bara fidia hiyo inasimamiwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi (Sura ya 263) iliyotungwa mwaka 2008, na mlipaji ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake WCF. Zanzibar ina sheria yake, kwa kuwa masuala ya kazi si ya Muungano. Kenya inatumia Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA. Makala hii inaeleza zaidi utaratibu wa Tanzania Bara, na ule wa Kenya kwa kulinganisha.

Fidia na "kumalizana"

Katika karakana, mashamba na maeneo ya ujenzi ya Afrika Mashariki, mtu akiumia kazini jambo la kwanza kusikika mara nyingi ni neno "tumalizane". Mwajiri hulipa hospitali, huongeza fedha kidogo ya matumizi, na pengine humwahidi majeruhi kwamba kazi yake itamngoja. Wengi hushukuru, kwa sababu wanaona wametendewa wema ambao hawakuudai. Baada ya miezi michache kidonda kimepona, lakini mkono haukunjiki tena, nafasi ya kazi imeshajazwa, na hakuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ajali iliwahi kutokea.

Tofauti iliyopo hapa ni ya msingi. Anachotoa mwajiri kwa huruma kinategemea moyo wake na hali ya biashara yake. Fidia ni haki ya kisheria; haitegemei kama mwajiri ni mwema au mkali, wala haifutwi na msaada alioutoa siku ya ajali. Kwa kijana aliyepoteza vidole akiwa na miaka 22, tofauti hiyo ni ya miaka 40 iliyo mbele yake.

Asili ya wazo

Kabla ya sheria za fidia mfanyakazi aliyeumia alikuwa na njia moja tu, nayo ni kumshtaki mwajiri wake kwa uzembe. Njia hiyo ilikuwa nyembamba sana. Mwaka 1837 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Priestley dhidi ya Fowler. Priestley alikuwa mtumishi wa mchinjaji nyama, naye aliumia baada ya gari la farasi lililozidishwa mzigo kuvunjika. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa paundi 100, lakini majaji wa juu walimnyima. Kutokana na kesi hiyo ikakua kanuni kwamba mwajiri hawajibiki kwa jeraha lililosababishwa na mfanyakazi mwenzake majeruhi. Waajiri walikuwa na kinga nyingine mbili: kwamba mfanyakazi aliijua hatari na kuikubali alipoingia kazini, na kwamba yeye mwenyewe alichangia ajali hata kwa kiasi kidogo. Aliyeshindwa na moja kati ya hizo tatu alirudi nyumbani mikono mitupu.

Ujerumani ndiyo nchi ya kwanza kujenga mfumo kamili wa bima ya ajali kazini. Sheria yake ilipitishwa tarehe 6 Julai 1884 chini ya Kansela Otto von Bismarck, aliyetaka pia kupunguza mvuto wa vyama vya kisoshalisti kwa wafanyakazi wa viwandani. Waajiri wa kila fani waliunganishwa katika vyama vya bima, wakachangia, na majeruhi akalipwa bila kuulizwa nani alikosea. Wasomaji wa Tanzania watautambua mwaka huo kwa sababu nyingine: mwezi Novemba 1884 ndipo Mkutano wa Berlin ulipofunguliwa, na muda mfupi baadaye Wajerumani wakaanza kutawala nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Manamba wa mashamba ya mkonge na wajenzi wa reli hawakuingizwa katika bima hiyo. Mfanyakazi wa kiwandani Berlin alikuwa na haki ambayo mwenzake wa Tanga, chini ya serikali hiyohiyo, hakuwa nayo.

Uingereza ilifuata mwaka 1897. Marekani ilichelewa, na historia yake ina tukio la kusikitisha. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu ya jimbo la New York ilibatilisha sheria ya fidia ya jimbo hilo, kwa hoja kwamba kumlipisha mwajiri asiye na kosa ni kumnyang'anya mali yake. Kesho yake, tarehe 25 Machi, kiwanda cha nguo cha Triangle Shirtwaist katika jiji la New York kiliteketea. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa. Jimbo likabadilisha katiba yake mwaka 1913 ili sheria mpya iwezekane. Jimbo la mwisho la Marekani kuwa na sheria ya fidia lilikuwa Mississippi, mwaka 1948.

Katika nchi nyingi sheria hizi zilisimama juu ya mapatano. Mfanyakazi anapata malipo ya hakika na ya haraka bila kubishana juu ya kosa, lakini hupoteza, kwa ukamilifu au kwa sehemu, haki ya kumshtaki mwajiri na kudai fedha nyingi zaidi. Mwajiri analipa hata pale asipokosea, lakini anajua mapema mzigo wake ni kiasi gani. Ni mapatano ya kupokezana. Upande mmoja ukiacha kutimiza sehemu yake, kwa mfano malipo yakichukua miaka, upande wa pili umeachia haki yake bure.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha mwaka 1925 Mkataba Na. 17 kuhusu fidia ya ajali kazini, na mwaka huohuo Mkataba Na. 19 unaotaka wafanyakazi wa kigeni walipwe sawa na wenyeji. Mkataba Na. 121 wa mwaka 1964 uliongeza viwango vya mafao na orodha ya magonjwa.

Kutoka Tanganyika hadi Mfuko wa Fidia

Sheria ya kikoloni ya fidia kwa wafanyakazi ilitungwa Tanganyika mwaka 1949, wakati wa utawala wa Uingereza. Kwa mujibu wake mlipaji alikuwa mwajiri mwenyewe, au kampuni ya bima kama alikuwa amekata bima. Sheria hiyo ilidumu muda mrefu kuliko ilivyostahili. Viwango vyake viliandikwa kwa shilingi kamili, na shilingi iliposhuka thamani viwango havikupanda nayo. Mwishoni mwa maisha yake, kiwango cha juu kabisa ambacho mtu angeweza kulipwa kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi laki moja na ushee. Wapo waliotumia nauli na muda mwingi kufuatilia malipo ambayo hayakutosha kununua baiskeli. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) nao ulikuwa ukitoa mafao ya ajali kazini, lakini kwa wanachama wake tu.

Sheria ya mwaka 2008 ilibadilisha msingi wenyewe. Badala ya kumwachia kila mwajiri mzigo wake, iliunda mfuko mmoja ambao waajiri wote wanauchangia. Ilichukua miaka kadhaa mpaka utaratibu ukamilike. Michango ilianza kukusanywa Julai 2015, na malipo ya fidia yalianza Julai 2016. Mwanzoni waajiri wa sekta binafsi walichangia asilimia 1 ya jumla ya mishahara wanayolipa, na sekta ya umma asilimia 0.5. Kiwango cha sekta binafsi kilipunguzwa kuwa asilimia 0.6 mwaka 2021, kisha asilimia 0.5 mwaka 2022, na hivyo sekta zote mbili zikawa sawa.

Mchango huu ni wa mwajiri peke yake. Tofauti na ule wa NSSF, ambako mfanyakazi naye hukatwa sehemu yake, mchango wa fidia haukatwi hata senti moja kwenye mshahara. Anayeona makato ya WCF kwenye hati yake ya mshahara ana sababu ya kuuliza.

Wengi huchanganya taasisi kadhaa zinazokaribiana. OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, hukagua sehemu za kazi ili ajali isitokee. WCF hulipa ajali inapokuwa imeshatokea. NSSF na PSSSF hushughulika na uzee na mafao mengine ya wanachama, na bima ya afya hutibu maradhi ya kawaida. Mfanyakazi aliyevunjika mguu kazini akitibiwa kwa kadi ya bima ya afya bila kueleza mahali alipoumia atapata matibabu, lakini kumbukumbu ya hospitali haitaonyesha kwamba lile lilikuwa jeraha la kazi. Kosa hilo dogo la mapokezi huja kusumbua baadaye.

Ajali ya kazi ni ipi?

Sheria hutumia masharti mawili kwa pamoja: ajali iwe imetokana na kazi, na iwe imetokea wakati wa kazi. Mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi hana shida. Vivyo hivyo muuguzi aliyejichoma na sindano iliyotumika, au dereva wa lori aliyepinduka kwenye mteremko wa Kitonga akiwa na mzigo wa mwajiri wake. Maswali huanza pembezoni.

Safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini kwa kawaida si kazi, na aliyegongwa akiwa kwenye daladala asubuhi atafuata bima ya gari lililomgonga. Hali hubadilika anaposafiri kwa gari la mwajiri. Sheria ya Kenya inasema wazi kwamba mfanyakazi anayebebwa kwa gari lililotolewa na mwajiri kwa ajili ya kumpeleka au kumrudisha huhesabiwa kuwa yuko kazini. Wafanyakazi wa mashamba ya maua wanaopakiwa kwenye basi la kampuni alfajiri wako ndani ya ulinzi huo kabla hawajashika ua hata moja.

Je, aliyevunja maagizo? Kuvunja amri peke yake hakumnyimi mtu fidia ikiwa alikuwa akifanya jambo kwa ajili ya shughuli ya mwajiri. Fundi aliyeondoa kinga ya mashine ili kazi iende haraka amekosea, lakini alikuwa kazini. Linalotazamwa kwa ukali zaidi ni utovu mkubwa wa nidhamu uliofanywa kwa kusudi, kama kufanya kazi amelewa. Katika hali hiyo sheria za Tanzania na Kenya humnyima majeruhi fidia, isipokuwa pale jeraha lilipoleta ulemavu mkubwa au kifo. Huruma iliyo ndani ya kipengele hicho imewekwa kwa kufikiria familia. Mjane na watoto hawakulewa.

Kunapokuwa na mtu wa tatu, mathalani dereva wa kampuni nyingine aliyemgonga mfanyakazi barabarani akiwa kwenye kazi za mwajiri wake, mtu huyo bado anaweza kudaiwa kwa njia ya kawaida. Mapatano ya fidia ni kati ya mfanyakazi na mwajiri wake, mgeni hakuwemo.

Magonjwa yatokanayo na kazi

Ajali ina saa na mashahidi. Ugonjwa hauna. Vumbi la mawe linaloingia katika mapafu ya mchimbaji huleta silikosisi, ugonjwa unaoweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha machimbo. Kelele za mitambo hupunguza usikivu kidogokidogo hata mwenyewe asitambue mpaka wajukuu walalamike kwamba hasikii. Vumbi la pamba katika vinu vya kuchambulia huziba njia za hewa, na viuatilifu vya mashambani hudhuru ngozi na mishipa ya fahamu. Nyuzi za asbesto huua taratibu kuliko zote.

Kwa sababu hiyo sheria huwa na jedwali linalotaja ugonjwa upande mmoja na aina ya kazi upande wa pili. Mtu aliyefanya kazi hiyo akapata ugonjwa huo huchukuliwa kuwa ameupata kazini mpaka ithibitishwe vinginevyo. Jedwali humwondolea mgonjwa mzigo ambao asingeuweza, lakini linataka kwanza daktari aulize swali ambalo halipewi nafasi katika foleni ndefu ya wagonjwa: unafanya kazi gani, na zamani ulifanya ipi? Mchimbaji mstaafu anayekohoa hutibiwa kifua kikuu mara mbili, mara tatu, na hakuna anayeandika kwenye faili lake neno "machimbo". Magonjwa hayo mawili yanafanana kwa dalili, na mwenye silikosisi hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi, hivyo jibu linaweza kuwa yote mawili. Muda wa kudai kwa upande wa ugonjwa huhesabiwa tangu ulipogunduliwa.

Mafao ya Tanzania Bara

Fao la kwanza ni matibabu: daktari, dawa, upasuaji, usafiri wa kwenda hospitali na vifaa kama miguu bandia. Kisha huja fidia ya ulemavu wa muda. Huyu ni mtu anayetarajiwa kupona lakini kwa sasa hawezi kufanya kazi. Hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 24.

Jeraha likishatulia, madaktari hupima limeacha ulemavu wa kudumu wa asilimia ngapi. Mstari unaogawa ni asilimia 30. Ulemavu usiozidi hapo hulipwa mara moja kwa mkupuo. Unaozidi hapo huleta pensheni ya kila mwezi, ambayo kwa ulemavu wa asilimia 100 ni asilimia 70 ya mshahara, na kwa ulemavu mdogo zaidi hupungua kwa uwiano. Anayehitaji mtu wa kumhudumia wakati wote, kumlisha na kumgeuza kitandani, hupata nyongeza kwa ajili ya msaidizi huyo. Sheria inataja pia utengamao, yaani mafunzo na misaada ya kumrudisha mtu kwenye kazi anayoiweza.

Mfanyakazi akifariki, Mfuko hutoa msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi. Mjane au mgane hupata asilimia 40 ya pensheni ambayo marehemu angelipwa kama angekuwa na ulemavu kamili, na kila mtoto asilimia 20. Jumla haizidi asilimia 100.

Mfano utasaidia. Dereva wa lori anapata shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Akivunjika mguu na kukaa nje ya kazi, fidia yake ya muda ni shilingi 700,000 kwa mwezi. Akibaki na ulemavu wa asilimia 50, pensheni yake ni nusu ya hiyo, yaani shilingi 350,000. Akifariki na kuacha mke na watoto 3, mke atapata shilingi 280,000 na kila mtoto shilingi 140,000, na jumla inafika 700,000 kamili. Kama watoto ni 5, fungu ni lilelile na itabidi ligawanywe zaidi. Viko pia viwango vya chini na vya juu vinavyowekwa na serikali, ambavyo vinaweza kubadilisha hesabu ya mwenye mshahara mdogo sana au mkubwa sana.

Upimaji wa asilimia una udhaifu wake. Majedwali hutazama kiungo, si kazi ya mwenye kiungo. Kidole cha shahada ni kidole cha shahada, kiwe cha mlinzi wa geti au cha fundi cherehani, ingawa wa kwanza anaweza kurudi kazini wiki ijayo na wa pili amepoteza ufundi wa maisha yake. Faida ya jedwali ni kwamba halibishaniwi sana, na watu wawili wenye jeraha moja hawapati majibu tofauti kwa sababu mmoja anajua kujieleza.

Mshahara wa kwenye karatasi

Mafao yote yaliyotajwa yanatokana na tarakimu moja, mshahara. Hapo ndipo wafanyakazi wengi hupoteza bila kujua. Waajiri wengine huandikisha mshahara mdogo na kulipa kiasi kingine pembeni kwa jina la posho au fedha mkononi, ili kupunguza kodi na michango. Mfanyakazi naye huridhika, maana makato yake yanapungua. Dereva yuleyule wa shilingi 1,000,000 akiwa ameandikwa 400,000, hesabu ya mafao yake huanzia 400,000. Asilimia 70 yake ni 280,000, si 700,000. Hasara ya shilingi 420,000 kila mwezi haikuonekana siku alipotia saini mkataba.

Jambo la pili ni kuwepo kwa ajira yenyewe. Kibarua wa kutwa ni mwajiriwa kama wengine, lakini mara nyingi hana mkataba wa maandishi. Kinachomsaidia ni vitu vidogo: daftari la mahudhurio, kitambulisho cha getini, ujumbe wa malipo kwa simu, picha za kazini, majina ya waliokuwa zamu moja naye. Vitu hivyo ni rahisi kukusanya wiki ya ajali na vigumu mno baada ya mwaka, wakati ujenzi umekwisha na vibarua wametawanyika.

Kutoa taarifa na kudai

Mfanyakazi, au mwenzake kama yeye hawezi, anapaswa kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo. Kwa ajali, mwajiri wa Tanzania Bara ana siku 7 za kuupa Mfuko taarifa. Dai lenyewe liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, kifo au kugunduliwa kwa ugonjwa. Nyaraka za kawaida ni fomu za Mfuko zilizojazwa na mwajiri na daktari, maelezo ya mshahara, na kwa ajali ya barabarani taarifa ya polisi pamoja na fomu ya PF3. Wategemezi huongeza cheti cha kifo, cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Familia ambazo hazikuwahi kutafuta vyeti hivyo hujikuta zikihangaika na ofisi tatu au nne katikati ya matanga.

Mwajiri asiyejisajili au asiyetoa taarifa anatenda kosa la jinai. Anayeona uamuzi wa dai lake haukuwa sahihi anaweza kuomba upitiwe upya na kisha kukata rufaa.

Kenya na Uganda

Kenya haina mfuko mmoja. WIBA inamtaka kila mwajiri akate bima katika kampuni iliyoidhinishwa, na msimamizi wa madai ni Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ajali ya kifo iripotiwe kwake ndani ya saa 24, nyingine ndani ya siku 7. Fidia ya ulemavu kamili wa kudumu, au ya kifo, ni mishahara ya miezi 96 inayolipwa kwa mkupuo. Ulemavu wa muda hulipwa kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Asiyeridhika huwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi ndani ya siku 60, na baada ya hapo anaweza kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Mkupuo na pensheni ya mwezi ni njia mbili tofauti kabisa za kumsaidia mtu. Mkupuo humwezesha kununua shamba au kufungua duka, na pia huvuta ndugu wengi mlangoni. Pensheni ni ndogo lakini hairudi nyuma. Mjane mwenye watoto wadogo kwa kawaida yuko salama zaidi na ya pili.

Sehemu ya WIBA inayomzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake moja kwa moja mahakamani ilizua ubishi uliodumu zaidi ya miaka kumi. Chama cha Mawakili cha Kenya kilipinga sheria hiyo, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikabatilisha vipengele kadhaa. Mahakama ya Rufani iligeuza sehemu kubwa ya uamuzi huo mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono Mahakama ya Rufani mwezi Desemba 2019. Tangu hapo njia ya kwanza ya majeruhi wa Kenya ni ofisi ya Mkurugenzi, si kwa wakili. Ni mapatano yaleyale ya karne ya 19, na uzito wake unategemea kama ofisi hiyo ina watu wa kutosha na kama mwajiri amekata bima kweli.

Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2000. Nayo humwachia mwajiri wajibu wa kulipa na kukata bima, na fidia ya kifo au ya ulemavu kamili ni mishahara ya miezi 60.

Walio nje ya ulinzi

Neno linalofungua mlango wa fidia ni "mwajiriwa". Mfanyakazi wa nyumbani anayelipwa mshahara ni mwajiriwa, ingawa waajiri wengi wa majumbani hawajifikirii kuwa waajiri. Dereva wa bodaboda mwenye pikipiki yake, mama lishe, mvuvi anayegawana samaki na mwenye chombo, na mchimbaji mdogo anayelipwa kwa mgawo wa mawe hawamo, au wamo kwa mabishano. Bodaboda aliyechukua pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku yuko katikati: mwenye pikipiki humwona kama mpangaji, yeye hujiona kama mtumishi. Bima ndogo ya pikipiki humlipa yule aliyegongwa, si dereva.

Katika eneo hilo kunabaki njia za zamani: michango ya kijiwe, chama cha ushirika, ndugu na jirani. Madereva wa kijiwe kimoja huweza kuchanga siku hiyohiyo fedha za kumtoa mwenzao hospitali, kwa kasi ambayo hakuna mfuko wa serikali unaoifikia. Mwezi wa tatu, anapokuwa bado yuko kitandani, daftari la michango huwa limeshafungwa.